Mhusika si orodha ya sifa: namna ya kumsoma na kumuumba mtu wa jukwaani

Mpe mwanafunzi wa kidato cha tatu tamthiliya yoyote, muulize sifa za mhusika mkuu, na hata kabla hajakifungua kitabu atakujibu: ni jasiri, ni mzalendo, ana msimamo, ana busara. Mpe tamthiliya nyingine yenye watu wengine na mkasa mwingine kabisa, atakujibu yaleyale. Nimesahihisha majibu ya namna hii kwa miaka mingi. Kinachonisumbua si kwamba yana makosa, kwa maana mara nyingi ni sahihi. Kinachonisumbua ni kwamba yangeweza kuandikwa na mtu ambaye tamthiliya yenyewe hajawahi kuigusa.

Mwanafunzi huyohuyo mwambie atunge igizo la dakika kumi kwa ajili ya siku ya wazazi. Ataanza kwa kuchora jedwali. Mzee Mapesa: tajiri, mkatili. Mama Tumaini: maskini, mvumilivu. Tumaini: binti mwerevu. Kisha atawapandisha jukwaani, kila mmoja aje kutangaza alichoandikiwa kwenye jedwali. Mzee Mapesa atacheka kicheko kirefu na kusema yeye hana huruma na mtu. Mama Tumaini atalia. Mwishoni polisi watakuja.

Naamini matatizo haya mawili ni tatizo moja. Anayemsoma mhusika kama orodha ya sifa atamtunga kama orodha ya sifa, na ukimtibu upande mmoja, upande wa pili nao hupata nafuu. Ndiyo maana siku hizi sifundishi uchambuzi peke yake wala utunzi peke yake.

Tabia hii ina asili yake. Watoto wetu wengi hukutana na wahusika kwa mara ya kwanza kwenye ngano, na ngano ina desturi yake. Paukwa, pakawa, hapo zamani za kale palikuwa na Sungura na Fisi. Tukio la kwanza halijatokea, lakini msikilizaji ameshajua kwamba Sungura ni mjanja na Fisi ni mlafi. Sifa inatangulia, tendo linafuata kuithibitisha, na raha yote imo katika kuona safari hii ujanja utapita njia gani. Ni sanaa kamili, siidharau hata kidogo. Lakini tamthiliya iliyoandikwa kwa kawaida huenda mwendo wa kinyume. Tendo ndilo linalotangulia. Sifa ni kitu ambacho msomaji anakifikia mwenyewe, akiwa amechelewa kidogo, na pengine analazimika kukibadilisha kabla pazia halijafungwa. Mwanafunzi asipoelezwa tofauti hii waziwazi, ataingia kwenye tamthiliya akimtafuta Fisi.

Jukwaani kila mtu ni shahidi

Kwenye riwaya, mwandishi anaweza kukuambia moja kwa moja kwamba bwana fulani alikuwa na wivu uliomla usiku na mchana. Mwandishi wa tamthiliya hana pa kusimama aseme hivyo. Vifaa vyake ni vichache: maneno ya mhusika, vitendo vyake, wanayoyasema wengine juu yake, maelekezo ya jukwaani, na ukimya. Zipo tamthiliya zenye msimulizi, ni kweli; Penina Muhando alimweka Bi Msimulizi katika Nguzo Mama, tamthiliya iliyotoka mwaka 1982. Lakini msimulizi akishapanda jukwaani ana mwili, ana sauti, ana upande, kwa hiyo naye anakuwa mtu wa kuchunguzwa kama wenzake.

Maneno ya mhusika mwenyewe ndiyo yanayowapoteza wanafunzi zaidi. Mhusika akisema "mimi napenda haki", mwanafunzi anaandika: ni mpenda haki. Hajauliza maneno hayo yalikuwa yanaambiwa nani, wala msemaji alitarajia kupata nini kwa kuyasema. Anayeomba kura, anayejitetea mbele ya mkewe na anayesema peke yake usiku wanaweza kutamka sentensi ileile, ikawa sentensi tatu tofauti. Na wanayoyasema wengine nayo yapimwe kwa mizani hiyohiyo. Jirani akisema fulani ni mchawi, tumejua jambo la hakika juu ya jirani. Juu ya fulani bado tunakisia.

Maelekezo ya jukwaani, yale yaliyofungwa kwenye mabano, wengi huyaruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kumpa mwanafunzi mmoja kazi ya kuyasoma hayo tu, kwa sauti, wakati wenzake wanasoma mazungumzo. Ghafla darasa linasikia kwamba mhusika alisema "sijakasirika" huku amesimama mlangoni na mkoba mkononi.

Kiswahili chenyewe kinampa mwalimu ushahidi ambao sijui lugha ngapi zinao, nao ni salamu. Kijana anaingia, mzee amekaa barazani. Kijana anapita bila kuamkia. Au anaamkia, lakini mzee badala ya "marahaba" anauliza, "Umetoka wapi saa hizi?" Hakuna aliyetaja kiburi wala hasira, lakini mambo yaliyo baina yao yameshaonekana. Tazama pia nani anamwita mwenzake nani. Mke ambaye maonyesho mawili yote amemwita mumewe "baba Asha", akija kumwita kwa jina lake la utotoni katika onyesho la tatu, kuna kitu kimevunjika au kimepona, na mwanafunzi aende akitafute ni kipi.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote linahitaji neno moja tu: "haya". Ninawagawia wanafunzi vikaratasi. Mmoja ni mama anayemruhusu mtoto kwenda kucheza. Mwingine ni mama huyohuyo anayemwonya. Wa tatu ni fundi aliyechoka kubishana bei. Wa nne ameambiwa habari ya msiba na hajui aseme nini. Wa tano anaanza safari. Wote wanasema "haya" na hakuna zaidi. Wenzao wanakisia. Dakika kumi baadaye hakuna anayehitaji kuelezwa kwamba maana ya maneno ya mhusika haiishii kwenye kamusi.

Swali la kwanza: anataka nini?

Ushahidi ukishakusanywa unahitaji kamba ya kuufungia. Kamba hiyo ni nia. Mhusika huyu anataka nini? Nani au nini kinamzuia? Anafanya nini ili akipate? Yuko tayari kupoteza nini? Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliutanguliza msuko wa matukio akawaweka wahusika nafasi ya pili, kwa hoja kwamba tanzia, yaani tamthiliya ya huzuni, ni uigaji wa tendo. Sikubaliani naye katika kila jambo, lakini kwa mwanafunzi anayeanza ushauri huo ni mwema: shika tendo kwanza, mtu atajitokeza.

Nitachukua mfano mmoja na kukaa nao, kwa sababu sijaona mwingine unaofundisha mambo mengi hivyo kwa pamoja: Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969.

Katika historia alikuwepo mtu aliyeitwa Kinjikitile Ngwale, wa Ngarambe, karibu na mto Rufiji. Wakati huo utawala wa Wajerumani ulikuwa unawalazimisha watu kulima pamba kwa ujira usiostahili kuitwa ujira. Mwaka 1904 habari zilienea kwamba mtu huyu amepagawa na pepo Hongo, na kwamba ana dawa, maji, yatakayowakinga watu na risasi. Watu wa makabila mengi walimwendea. Mwishoni mwa Julai 1905 uasi, tunaouita Vita vya Majimaji, ulianza katika milima ya Umatumbi kwa kung'oa pamba shambani. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro. Vita vilikuwa ndiyo kwanza vimeanza. Shambulio kubwa la boma la Mahenge, ambapo wapiganaji walizikabili bunduki za rasharasha, lilitokea tarehe 30 Agosti, yeye akiwa tayari kaburini. Vita viliendelea hadi 1907.

Sasa mtazame Kinjeketile wa jukwaani. Jina tu limetofautiana kidogo, na Hussein alieleza wazi katika utangulizi wake kwamba mtu wake ni wa kubuni, hata kama anafanana na yule wa historia. Tofauti iliyo kubwa zaidi ni hii: Hussein hakumwacha afe mapema. Alimweka hai hadi watu wake wameshapigwa, hadi maji yameshashindwa mbele ya macho ya wote, kisha ndipo akamweka kizuizini na kumletea sharti: sema kwamba maji yalikuwa uongo.

Hapo ninasimamisha somo na kuuliza: kwa nini mwandishi alifanya hivyo? Yule wa historia alikufa kabla hajaona maji yanafeli vitani. Hakuna aliyemlazimisha kuchagua baada ya kuona. Mwandishi wa tamthiliya alihitaji kumfikisha mtu wake mahali pagumu kuliko pote ambapo mtu wa namna ile angeweza kufikishwa, ndiyo akaisogeza siku ya kufa. Kumuumba mhusika ni huko: kutafuta hali ambayo ndani yake mtu huyu hawezi tena kujificha.

Turudi kwenye nia. Kinjeketile wa jukwaani anataka umoja. Makabila yanatazamana kwa shaka, njaa imeingia, watu wanapigwa viboko. Maji yanampa kile ambacho maneno matupu yasingempa: imani moja kwa watu wengi. Lakini akiwa amepagawa ametamka pia kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, na akili zinapomrudia maneno hayo yanamtia hofu. Wamwondoe Mjerumani, wamwingize mtawala mwingine? Hongo huyu ni wa nani? Shaka inaanza kumla. Anawasihi watu wangoje, wasipigane kabla hawajawa wengi na tayari. Watu hawataki kungoja. Neno limeshatoka kinywani mwake, limekuwa kubwa kumshinda, na sasa linatembea lenyewe. Kizuizi chake basi si Mjerumani peke yake. Kizuizi kingine ni kitu alichokizaa mwenyewe.

Orodha ya sifa inavunjikia hapa. Katikati ya tamthiliya, mwanafunzi anayefuata orodha ataandika "mwoga", kwa sababu anazuia vita. Mwishoni ataandika "jasiri", kwa sababu anakataa kuikana kauli yake akijua atanyongwa. Mwoga au jasiri? Atachagua kimoja na kukifuta kingine. Anayefuata nia hapati taabu hiyo. Alisitasita kwa sababu aliwajali watu. Anakataa kusitasita kwa sababu ileile. Akisema maji yalikuwa uongo, watoto watakaozaliwa wataambiwa kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Kwa hiyo hasemi, ingawa yeye mwenyewe hana tena hakika na maji hayo.

Mwaka mmoja msichana wa safu ya nyuma aliniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo mwishoni ni mkweli au ni mwongo?" Darasa likanyamaza. Sikumjibu. Swali lile lilitutosha kwa vipindi viwili, na insha zilizotoka baada yake ndizo nilizozisoma kwa furaha kuliko zote mwaka ule.

Na mtihani je? Walimu wenzangu huniuliza hilo, na wana haki, kwa sababu swali litakuja limeandikwa vilevile: fafanua sifa nne. Jibu langu ni kwamba sifa ziandikwe, ila ziwe mwisho wa sentensi badala ya mwanzo. Mwanafunzi aanze hivi: fulani anataka jambo hili, lakini anazuiwa na jambo lile, kwa hiyo anafanya hivi, na hapo ndipo tunapomwona kuwa ni mtu wa namna fulani. Hoja inakuja na ushahidi wake tumboni. Msahihishaji hana sababu ya kumnyima alama, na mwanafunzi hana sababu ya kukariri.

Wale wa pembeni

Mgawanyo wa wahusika bapa, wenye upande mmoja usiobadilika, na wahusika duara, wenye pande nyingi zinazobadilika, tumeurithi kwa mwandishi wa Uingereza E. M. Forster, aliyeueleza mwaka 1927 alipokuwa akizungumzia riwaya. Unasaidia, ila darasani umegeuka kuwa tusi: bapa ni mbaya, duara ni mzuri. Si hivyo. Askari anayeingia, akadai kodi na kutoka hahitaji utoto wake uelezwe. Angekuwa na mambo mengi kifuani angetuchelewesha.

Swali la maana zaidi juu ya mhusika wa pembeni ni hili: akiondolewa, tutaacha kuona nini kwa mhusika mkuu? Mwondoe Kitunda katika Kinjeketile. Kitunda ni mtu wa vita, anayefundisha wapiganaji na kuyapima mambo kwa akili ya askari, na mwishoni ndiye anayemsihi rafiki yake aseme maneno yanayotakiwa. Bila yeye, kukataa kwa Kinjeketile kungekuwa kukataa mbele ya adui, jambo ambalo shujaa yeyote wa hadithi hulifanya. Kumkatalia rafiki mwenye hoja nzuri ni kazi nyingine.

Kutunga: anza na haja ya leo

Sasa tuingie jikoni. Nilipoacha kuwaagiza wanafunzi waanze na jedwali la sifa, niliwapa agizo moja: tafuteni mtu anayehitaji kitu leo, kabla jua halijazama, na mtu mwingine ambaye kwa kuwepo kwake tu anafanya kitu hicho kiwe kigumu. Si lazima kiwe kikubwa. Kuchaji simu kunatosha. Nauli ya kurudi nyumbani inatosha. Igizo linaloanza na rushwa ya mabilioni kwa kawaida huishia kwenye hotuba, kwa sababu mtunzi wa miaka kumi na saba hajawahi kukaa chumba kimoja na mabilioni. Lakini amekaa chumba kimoja na mama yake.

Hebu tuone. Binti amechaguliwa kuendelea na kidato cha tano katika shule ya mbali. Mama yake anauza vitumbua. Kikundi kimoja kiliniletea kitu cha namna hii:

MAMA: Mimi ni mama maskini ninayeuza vitumbua. Sitaki uende shule kwa sababu nitabaki peke yangu.
ZUHURA: Lakini mama, elimu ni ufunguo wa maisha! Mimi nina bidii na nitatimiza ndoto zangu.
MAMA: Umenifumbua macho, mwanangu. Nenda.

Hakuna hata sentensi moja ya uongo hapo, na hakuna hata mtu mmoja. Niliwauliza maswali matatu tu. Ni saa ngapi? Mama mikono yake inafanya nini? Na jambo gani mama huyu angekufa kwanza kabla ya kulitamka? Walijibu: alfajiri, anapika, hawezi kusema kwamba anaogopa upweke. Tukaandika upya pamoja:

(Alfajiri. Uani. MAMA anageuza vitumbua kwa kijiti, hamwangalii ZUHURA.)
MAMA: Umehesabu vya Bi Mwanaidi?
ZUHURA: Ishirini. Mama, ile fomu ya kujiunga...
MAMA: Ishirini vya jana. Leo kaagiza thelathini, ana khitma.
ZUHURA: Wanataka tufike Jumatatu.
MAMA: Lete mafuta. Si hayo, ya kidumu kidogo.
ZUHURA: (analeta) Shule yenyewe iko Iringa, mama. Wanasema kule baridi.
(Kimya. Kitumbua kimoja kinaanza kuungua. MAMA hakigeuzi.)
MAMA: Sweta la baba yako limo sandukuni. Usichukue lile lililotoboka kiwiko.

Zoezi la uchambuzi lilifuata hapohapo, juu ya maandishi yao wenyewe. Mama ameruhusu? Wapi? Hakuna "ndiyo" mahali popote, kuna sweta. Kwa nini sweta la baba, na baba yuko wapi? Kwa nini mama anayejua idadi ya vitumbua kwa kichwa anakiacha kimoja kiungue? Walichambua kwa nusu saa, watoto walewale ambao wiki iliyopita walikuwa wakiandika "ni mvumilivu". Walikuwa wamegundua kwamba kinachonyamaziwa ndicho kinachobeba uzito, na waligundua kwa sababu wao wenyewe ndio waliokinyamazisha.

Kuna kipimo kimoja cha mazungumzo ambacho hakinigharimu chochote. Funika majina ya wasemaji kwa kidole, kisha soma. Ukishindwa kujua nani anasema, wahusika wako wote wanatumia mdomo mmoja, nao mara nyingi ni mdomo wa mwalimu wako. Bibi wa Tanga, kondakta wa daladala na mhasibu wa halmashauri hawaombi msamaha kwa maneno yaleyale. Mmoja ataleta methali, mwingine atasema "poa mzee, yaishe", wa tatu ataanza na "naomba ieleweke kwamba". Ila nawaonya wanafunzi wasimpe kila kijana misimu na kila mzee methali. Hilo nalo ni jedwali la sifa lililobadilisha nguo. Majina ya majazi kama Mapesa na Tumaini nayasema kwa kifupi: ni mbinu halali na ya zamani, lakini jina linaloeleza kila kitu mapema humwachia mhusika kazi ndogo mno.

Mpe adui sababu yake

Mahali ambapo maigizo ya shule hufia mara nyingi ni kwa adui. Mama wa kambo ni katili kwa kuwa ni wa kambo. Mwenye nyumba ni mroho kwa kuwa ni mwenye nyumba. Hapo ninatumia kiti. Kiti kimoja kinawekwa mbele, mwanafunzi anayeigiza adui anakikalia, na wenzake wanamuuliza chochote. Sheria ni mbili: anajibu kwa "mimi", na haruhusiwi kujihukumu. Mzee Mapesa akiulizwa kwa nini amemtoa mama mjamzito nje wakati wa mvua, hawezi kujibu "kwa sababu mimi ni mkatili". Hakuna binadamu anayejiona hivyo. Lazima atafute. Mmoja alijibu: "Nyumba hii nimeijenga kwa mkopo, na benki hawaulizi kama kuna mvua." Huruma yetu kwa yule mama aliyetolewa nje haikupungua hata kidogo, la, iliongezeka, kwa sababu sasa aliyemtoa alikuwa mtu anayeweza kupatikana mtaani kwetu.

Konstantin Stanislavski, mwongozaji wa Urusi, aliwafundisha waigizaji wake wajiulize: kama ningekuwa katika hali hii, ningefanya nini? Swali hilo ni zuri, lakini darasani lina mtego. Mwanafunzi hujibu kama yeye wa leo, mwenye simu na ramani ya Tanzania kichwani. Basi ninaliongezea: kama ningekuwa katika hali hii, nikijua yale tu anayoyajua mhusika. Kinjeketile hakujua kwamba kutakuwa na Tanganyika. Tukisahau hilo, tunamhukumu mtu kwa habari ambazo hazikumfikia.

Jambo moja la tahadhari. Wanafunzi wakiruhusiwa kutunga kutoka maishani, wataleta maisha. Mradi wa Tuseme, uliobuniwa mwaka 1996 na wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama (ndiye yuleyule Penina Muhando wa Nguzo Mama) na Amandina Lihamba, ulijengwa juu ya ukweli huo: wasichana wa sekondari walichunguza matatizo yao wenyewe, wakayajadili, kisha wakayaweka kwenye maonyesho mbele ya jumuiya ya shule. Binti ambaye hangeweza kusimama na kusema "mwalimu ananisumbua" aliweza kusimama kama mhusika na kusema. Nguvu hiyo ni ya kweli, na ndiyo maana ishikwe kwa mikono miwili. Mwalimu asimlazimishe mtoto aigize jeraha lake mwenyewe. Mpe nafasi ya mhusika wa pembeni, au badilisha kijiji, umri, kazi ya baba. Na asifanye kosa la kumuuliza mbele ya darasa, "Hii ilitokea kwako?" Mhusika ni kanga aliyojitanda, asivuliwe.

Lile igizo la vitumbua sikulimalizia na darasa. Niliacha mstari mmoja wazi baada ya maneno ya mama kuhusu sweta, nikawaambia kila mmoja aandike Zuhura anasema nini. Wengi waliandika "asante mama, nakupenda". Baadhi waliandika kwamba analia. Kijana mmoja, ambaye kwenye mitihani hapati zaidi ya wastani, aliandika hivi:

ZUHURA: (anakitoa kilichoungua, anakiweka pembeni) Thelathini, mama. Hiki nitakula mimi.